Vietnam Wameamkaje Leo?

Msimu wa korosho ukikaribia, jirani yangu mmoja hapa Mtawanya, wilayani Kibiti, hunisubiri njiani nikitoka msikitini alfajiri. Tukishajuliana hali na kuulizana ya nyumbani, huniuliza swali lile lile: "Mwalimu, Vietnam wameamkaje leo?"

Anauliza kwa dhati. Umri wake umepita miaka sabini, safari yake ya mbali kuliko zote iliishia Dar es Salaam, na ekari nne za mikorosho ndizo zilizomsomeshea watoto. Lakini jambo moja amelielewa vizuri kuliko wengi niliowasikia wakihutubia mikutanoni: bei ya korosho zake haipangwi Kibiti. Korosho zetu nyingi huondoka nchini zikiwa ghafi, na ganda lake, zikaenda India na Vietnam. Huko hubanguliwa, hupangwa kwa madaraja, hufungwa, kisha husafiri tena hadi Marekani na Ulaya kwa walaji. Viwanda vya Vietnam vikiwa na njaa ya mali, mnada wetu huchangamka. Maghala yao yakiwa yamejaa, wanunuzi huleta zabuni ambazo hazirudishi hata gharama ya salfa tuliyopuliza kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga.

Kwa kuwa nina simu yenye intaneti, huniuliza mimi. Mara nyingi sina jibu la kumpa.

Nilifundisha shule za msingi za huku karibu miaka arobaini, tangu wilaya ikiwa Rufiji nzima, kabla Kibiti haijamegwa. Kwenye somo la jiografia nilichora mishale ubaoni: pamba inatoka huku, nguo zinarudi kutoka kule. Watoto walinakili, nikafuta ubao, tukaingia kwenye hesabu. Siku hizi, nikiwa mstaafu, huwa nawaza kwamba katika michoro ile yote sikuwahi kuwaambia watoto ni nani aliyeishika chaki.

Neno utandawazi lilipoanza kusikika midomoni mwa watu, nililipenda kwa jinsi lilivyoundwa: kutanda, na uwazi. Kutanda nimekuona kwa macho yangu. Uwazi ndio ninaoutafuta mpaka leo.

Nisieleweke vibaya. Sisi watu wa mwambao hatukuanza jana kuuziana na dunia. Marehemu mama yangu alikuwa mtu wa delta ya Mto Rufiji, upande wa mlango wa Simba Uranga, na mjomba wangu mkubwa alikata boriti za mikoko tangu ujana wake. Kila kaskazi ilipovuma, majahazi yalishuka kutoka Uarabuni na Ghuba yakiwa na tende, chumvi na mazulia. Yaliingia katika vijito vya Rufiji, yakatia nanga kwenye matope, yakangoja miti. Mwaka 1939 baharia na mwandishi Alan Villiers, mzaliwa wa Australia, aliingia deltani humu ndani ya jahazi la Kuwait lililokuja kupakia mikoko, akayaandika aliyoyaona. Miti ilihesabiwa kwa korja, ishirini ishirini. Kulikuwa na boriti, na mazio, na pau, na fito, kila aina na unene wake na bei yake. Ukiingia katika nyumba za zamani za Kuwait, Bahrain au Oman utakuta vyumba ni vyembamba na virefu. Sababu ni kwamba upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Mtu wa Ghuba alilala chini ya mti uliomea Rufiji au Lamu.

Biashara ile nayo ilikuwa na dhuluma zake. Mkataji alisimama kwenye tope mpaka mapajani, mbu wakimla, akalipwa kidogo, na faida kubwa ikaenda kwa tajiri mwenye chombo. Mjomba hakuwahi kunisimulia habari zile kana kwamba ni za peponi. Ila palikuwa na jambo moja alilolirudia kila mara. Nahodha alilazimika kushuka chomboni, kuketi mkekani, kunywa kahawa na kubishania bei na watu walioikata miti ile kwa mikono yao. Wakikataa, alingoja, na kusi haimngoji nahodha. Akichelewa, upepo wa kumrudisha kwao ungemkuta angali na nusu shehena. "Tulikuwa na upepo upande wetu, mpwa wangu," alikuwa akisema.

Kisha mafuta ya petroli yakawatajirisha watu wa Ghuba, wakaanza kujenga kwa saruji na chuma. Majahazi yakapungua, mwisho yakakoma. Hakuna aliyeleta taarifa deltani. Watu walijua kwa kuwa kaskazi ilivuma na mlango wa mto ukabaki mtupu.

Kilichokuja baadaye kilikuwa kikubwa kuliko jahazi lolote. Katika miaka ya tisini kampuni iliyoitwa African Fishing Company, ya mfanyabiashara kutoka Ireland, iliomba kufuga kamba deltani ili wauzwe nje. Eneo lililotajwa lilikuwa kama hekta 19,000, mabwawa yenyewe karibu hekta 10,000, na mtaji wa dola milioni 200. Hapakuwa na shamba la kamba lenye ukubwa huo popote duniani.

Kwa msomaji wa Dodoma au Kigoma ambaye hajaiona delta, lazima nieleze kilichokuwa kinawekwa rehani. Mikoko ya Rufiji inazidi hekta 50,000, na ndiyo msitu wa mikoko ulioshikana ulio mkubwa kuliko yote katika mwambao wa Afrika Mashariki. Kamba hutaga baharini. Vitoto vyake huingia na maji kujaa mpaka kwenye vijito vya ndani, vikajificha katika mizizi ya mkoko na msinzi, vikala mabaki ya majani yanayooza, vikakua, kisha vikarudi baharini vikiwa kamba kamili. Ndiyo maana mtu wa Msala au Kiongoroni huvua kamba kwa wavu wake bila kuwa amemlisha hata mmoja. Ukikata mikoko ili uchimbe bwawa, umeng'oa kitalu ili ujenge banda. Tena udongo wa mikokoni una madini ya salfa ambayo yakikauka na kupigwa na hewa hugeuka tindikali, na bwawa huchoka upesi. Wenzetu wa Thailand na Ecuador walikwisha kuyaona hayo: mikoko ikaenda, magonjwa yakaingia mabwawani, na wenye mtaji wakahamia pwani nyingine. Waliobaki ni watu wa pale na mashimo ya maji ya chumvi.

Nilikwenda deltani mwaka 1998, mvua zile za El Niño zikiwa zimeichimba barabara hata gari likilala njiani. Nilimkuta mjomba barazani na wazee wenzake, na mkononi ana kipande cha gazeti la Kiingereza alicholetewa na kijana mmoja kutoka mjini. Wamekaa nacho siku tatu, wamekikunja na kukikunjua. "Mpwa wangu, tusomee," akasema. Nikasoma kwa mwanga wa kibatari, nikitafsiri mstari kwa mstari. Niliposema hekta 19,000, mzee mmoja aliuliza ni sawa na mashamba mangapi ya mpunga. Nilijaribu kupiga hesabu, nikashindwa kuisema namba ile kwa namna iliyoweza kuingia akilini mwa mtu ambaye shamba lake analipima kwa umbali wa kusikia sauti ya mtoto anayefukuza ndege juu ya dungu.

Mjomba alikuwa kimya. Mwisho akauliza, "Hao watakaowala hao kamba, wako wapi?"

Nikamwambia ni Ulaya, na huenda Japani.

"Wanajua kwamba sisi tupo?"

Mimi ni mwalimu, nimezoea kujibu maswali. Lile sikulijibu, na tangu siku ile nikisoma habari za uchumi wa dunia, swali lile ndilo kipimo changu. Mtu anayenunua kamba mjini Madrid hana ubaya wowote moyoni. Anaona bei, anaona ni nafuu, anashukuru. Lakini nafuu ile ingetoka wapi? Ingetoka kwenye mkoko ambao hakuna aliyeulipia, kwenye samaki ambao wasingezaliwa, kwenye shamba la mpunga ambalo mwenyewe angehamishwa. Gharama hizo zingelipwa zote, hadi senti ya mwisho, na watu ambao majina yao hayapo kwenye risiti. Hapo ndipo uovu wa jambo hili ulipo kwangu: kupitisha hasara kwa mtu asiyekuwapo mezani, kisha kuiita nafuu.

Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lilishauri mradi ule usikubaliwe. Hata hivyo Baraza la Mawaziri liliuidhinisha mwishoni mwa 1997. Watu wa delta hawakuketi kusubiri. Walifanya mikutano kijiji kwa kijiji, waandishi wa habari za mazingira wa JET wakaipeleka habari magazetini, na kwa msaada wa wanasheria watetezi wa mazingira wa LEAT wakazi karibu 2,000 wakafungua kesi Mahakama Kuu mwaka huo wa 1998. Mjomba alitia dole gumba kwenye karatasi. Hakujua kuandika jina lake, ila alijua anakataa nini. Miaka michache baadaye kampuni ilikwama kifedha na mradi ukafa. Mikoko ipo. Panda boti Nyamisati uelekee Mafia, utapita katikati yake.

Watu husema tulishinda, nami namshukuru Mungu. Ila sipendi kujidanganya. Delta iliokolewa na ujasiri wa watu wake pamoja na kukauka kwa mfuko wa kampuni, na hilo la pili halikuwa mikononi mwetu.

Wenzetu wa Kisarawe, mkoa huu huu wa Pwani, walipatwa. Umoja wa Ulaya ulikuwa umejiwekea lengo kwamba kufikia 2020 asilimia 10 ya nishati ya magari yake itoke kwenye vyanzo vinavyojirudia, na mafuta ya mimea yakaonekana ndiyo njia ya mkato. Kampuni ya Uingereza, Sun Biofuels, ikapata mwaka 2009 hekta zaidi ya 8,000 kutoka vijiji 11 vya Kisarawe ili ipande mbono. Kufikia 2011 ilikuwa imeanguka na wafanyakazi wameachishwa kazi. Sasa zingatia jambo ambalo wanakijiji wengi hawaambiwi siku ya mkutano wenye soda na ahadi za zahanati. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi ya kijiji ili apewe mwekezaji wa nje lazima kwanza ihamishwe iwe ardhi ya jumla. Ikishahamishwa, imetoka. Mwekezaji akifilisika, ardhi haijirudii yenyewe kijijini. Inamngoja mwekezaji mwingine. Eneo linapozidi hekta 250, uamuzi ni wa waziri, na mkutano mkuu wa kijiji hubaki kutoa maoni. Kwa hiyo mtu wa Kisarawe aliyekuwa akichimba dawa, akikata kuni na kuteka maji mahali alipotekea bibi yake, alikuta pana mpaka.

Linganisha na Bagamoyo, nako ni Pwani. Kampuni ya Uswidi, EcoEnergy, ilitaka kulima miwa kwenye eneo la iliyokuwa ranchi ya Razaba. Serikali ikaifuta hati mwaka 2016. Mwekezaji akaenda Washington, kwenye kituo cha Benki ya Dunia cha kusuluhisha migogoro ya uwekezaji, ICSID, akitumia mkataba wa kulinda uwekezaji uliopo kati ya Uswidi na Tanzania. Aprili 2022 ikaamuliwa kwamba Tanzania imlipe zaidi ya dola milioni 165. Sisemi kwamba mwenye mtaji hana haki. Mkataba ni mkataba, na serikali ikivunja neno ilipe. Ninachosema ni kwamba dunia hii imemjengea mwenye mtaji mahakama inayovuka bahari, na fedha za kulipa hukumu yake hutoka katika kodi yetu, ikiwamo ninayolipa nikinunua kiberiti. Mwanamke wa Kisarawe aliyepoteza kisima hana mkataba wa nchi yoyote unaomtaja.

Ningeulizwa nataka nini, ningesema mambo ya kawaida sana. Karatasi za mradi zije kijijini kwa Kiswahili, miezi kabla ya mkutano, zikiwa na ramani inayoonyesha makaburi na visima. Kijiji kikisema hapana, iwe hapana. Na ardhi ikishindwa kutumiwa kwa lililoombewa, irudi kwa waliokuwa nayo. Hakuna hata moja hapo linalomzuia mtu kufanya biashara.

Nirudi kwenye korosho, maana ndiko ninakoishi.

Mkorosho wenyewe ni mgeni. Wareno waliutoa Brazil, na jina lake la kanju tulilipata kwao. Ukaipenda ardhi yetu ya kichanga, nasi tukaupenda. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000. Baadaye zikaja operesheni za vijiji, watu wakahamishwa mbali na mikorosho yao, ugonjwa wa ubwiriunga ukaenea, bei ya mkulima ikawa duni, na kufikia 1986/87 mavuno yalishuka chini ya tani 20,000. Katika kipindi hicho hicho serikali ilikuwa ikijenga viwanda vikubwa vya kubangua kwa mikopo, ya Benki ya Dunia ikiwemo. Vilipokamilika, korosho hazikuwapo. Yalipokuja mageuzi ya uchumi vikauzwa, na baadhi vikageuka maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazosubiri meli. Viwanda vikanyamaza, deni likaendelea kulipwa.

Siku hizi mkulima hupeleka korosho chama cha msingi, zinapimwa, anapewa stakabadhi, zinaingia ghala kuu, na wanunuzi wanashindana mnadani. Ni mfumo bora kuliko kuuziana vichakani. Lakini ndani yake kuna kipimo ambacho wakulima wengi hawajawahi kukiona kikifanyika. Mnunuzi huchukua sampuli, huzipasua, na kukadiria pauni za kiini kizuri zitakazopatikana katika gunia la kilo 80. Zikifika pauni 48, ambazo ni kama kilo 22, korosho ni nzuri. Zikipungua, bei hupungua. Za kwetu Pwani mara nyingi hukutwa na mvua za vuli zingali chini ya mti, zikavuta unyevu, ndiyo maana mara kwa mara hununuliwa kwa bei ya chini kuliko za Mtwara. Nilipomweleza jirani yangu hesabu ile, alinitazama muda mrefu. Miaka yote aliuza akidhani anauza kilo, kumbe anauza kitu kilichomo ndani ambacho mwenzake amekipima na yeye hajakipima.

Mwaka 2018 ndio niliostaafu, na ndio mwaka nilioiona dunia ikitukaba. Msimu uliotangulia nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000, na katika minada ya kusini bei ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Watu walijenga, walioa, walikopa wakitegemea msimu ujao. Msimu ujao ukaja na zabuni za shilingi 1,900 hadi 2,700. Wakulima wakagoma kuuza. Mwezi Novemba Rais Magufuli akaamuru serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300, na magari ya jeshi yakaja kubeba. Sitaisahau furaha ya siku ile. Watu walisimama barabarani kuyapungia mkono malori.

Lakini kuamuru bei ya kununua ni jambo moja, na kumpata mtu wa kukuuzia mbele ni jingine. Uwezo wa kubangua nchini ulikuwa mdogo mno kuliko mzigo ule. Sehemu kubwa ililala maghalani mwaka mwingine ukiingia, na wakulima wengi walingoja malipo kwa miezi. Nyumbani kwangu mke wangu aliuza madebe mawili kwa kangomba ili mjukuu arudi shule. Kangomba ni yule mnunuzi anayekuja jioni na kipimo chake mwenyewe, analipa taslimu, na anajua kabisa kwamba una shida. Alimlipa chini ya nusu ya bei iliyotangazwa redioni. Mke wangu alizihesabu zile noti mara mbili, akazifunga pembeni mwa kanga, hakusema neno mpaka usiku.

Wakati mwingine nasikia vijana wakisema tatizo ni serikali dhaifu. Si rahisi hivyo. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vya nguo vifufuke. Mwaka uliofuata chama cha wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani kikalalamika serikalini kwao, na Marekani ikatishia kutuondolea nafuu ya kuuza bidhaa kule chini ya sheria yao ya AGOA. Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ilisimama, na mwaka 2018 ikafungiwa nafuu hiyo upande wa nguo. Nimevaa shati la mtumba ninapoandika haya, nimelinunua gulioni Kibiti, na wauzaji pale ni watu wangu wanaolisha familia. Sitaki wafukuzwe kwa siku moja. Ila nchi zilizokaa zikaamua jambo lao zilipaswa kuachiwa uamuzi wao, hata kama ni wa makosa, ziyajue makosa hayo zenyewe.

Deltani siku hizi habari ni kaa. Binamu yangu, mtoto wa yule mjomba, huwatoa kwenye mashimo yao mikokoni kwa kijiti chenye ndoana, anawafunga magando, na wanasafirishwa wakiwa hai kwa ndege hadi China. Kaa mkubwa humpatia fedha kuliko kapu zima la samaki, na mwaka mpya wa Kichina ukikaribia bei hupanda. Mwanzoni mwa 2020, korona ilipoanza, soko lilifungwa katika majuma yale yale aliyokuwa akiyategemea. Mnunuzi mmoja alikuwa amechukua mzigo wake wa siku nane kwa mali kauli. Simu yake haikupatikana tena. Kaa wengine walifia kwenye matenga, na nyumbani kwa binamu walichemsha wakala mpaka watoto wakachoka kuwaona. Alinieleza hayo yote bila hasira. Kilichomuumiza, alisema, ni kwamba yule mtu hakumpigia hata kumwambia, "Ndugu yangu, nami nimepatwa."

Hapa Mtawanya akina mama kumi na mmoja, mke wangu akiwamo, wameanza kubangua. Ni kazi ndogo, sitaki mtu adhani ni kiwanda. Korosho huchemshwa kwa mvuke, huanikwa, kisha hupasuliwa moja moja kwa mashine ya mkono na mguu, kiini kitoke kizima. Kikivunjika, kimeshuka daraja. Kisha hukaushwa, humenywa ganda la ndani, hupangwa. Kilo nne na zaidi za korosho ghafi hutoa kilo moja ya kiini. Mafuta ya ganda yanaunguza ngozi vibaya, kwa hiyo wanajipaka mafuta ya mbarika na majivu kabla ya kuanza, na bado mke wangu ana vidole vyenye mabaka meusi yasiyotoka kwa sabuni. Vietnam hawatatetereka kwa ajili ya ndoo zao sita. Lakini sasa wanapima kiini wenyewe. Kila gunia linaloingia uani wanalitolea sampuli, wanapasua, wanapima, wanaandika kwenye daftari langu la zamani la mahudhurio, na jirani yangu huja kukaa nao akitazama mizani.

Juma lililopita alikuja kijana kutoka Dar es Salaam, ana duka la vyakula, amesikia habari zao. Alibaki juu ya pikipiki, injini inaunguruma, akataja bei yake kwa kilo. Mwenyekiti wa kikundi hakuinua macho kwenye kazi. "Karibu, mwanangu," akamwambia. "Zima pikipiki kwanza. Mkeka ule pale, na kahawa iko jikoni."

Kijana akatazama saa, akatazama mawingu upande wa Nyamisati. Kisha akazima, akavua viatu, akaketi.